Ubongo Uzungumzapo na Mtambo

Katika mwambao wa kusini, tangu Somanga na Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi mjini, ni nadra kufika kijiji chenye minazi usisimuliwe habari ya mkwezi aliyeanguka. Mkwezi hupanda alfajiri, panga kiunoni na kamba miguuni, akifuata vidato vilivyochongwa katika gogo la mnazi na mikono ya watu ambao aghalabu wamekwisha kufa. Na ikiwa mvua imenyesha usiku, vidato vile huwa na utelezi ambao jicho halitambui mpaka unyayo umekwisha kuteleza. Aangukaye kutoka urefu ule akatua kwa shingo au mgongo huvunjika pingili za uti, na ndani ya pingili hizo umo uzi laini wa neva, ambao unene wake haufiki sentimita mbili, nao ndio uchukuao amri kutoka kichwani kwenda mikononi na miguuni, na kurudisha kichwani habari za mguso, joto na maumivu. Uzi huo ukikatika shingoni, si lazima mtu afe. Huishi, akili yake timamu. Huwajua wanawe kwa majina, hukumbuka deni lake la dukani, na atakapo kunyanyua mkono ili afukuze nzi usoni, amri ya kunyanyua mkono hutoka kweli katika ubongo wake, kama ilivyokuwa ikitoka siku zote. Mkono haupati habari.

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya kusini pale Somanga, watu wa Kilwa na Lindi walionja mfano wa kadhia hiyo: Dar es Salaam ilikuwapo, Lindi ilikuwapo, magari yalikuwa mazima na madereva walikuwa tayari, lakini kitu hakikupita. Elimu ninayotaka kuieleza katika makala hii ni elimu ya kutafuta njia ya kando, yaani kuipokea amri kichwani kwenyewe kabla haijafika pale palipokatika, kuifasiri, na kuikabidhi kwa mtambo utakaoitekeleza badala ya kiungo. Vyombo vya kazi hiyo huitwa viunganishi vya ubongo na kompyuta, na ijapokuwa habari zake hutufikia zikiwa zimechanganyika na majina ya matajiri wa Marekani na uvumi wa filamu, asili yake ni kazi ya subira ya matabibu na wahandisi iliyochukua zaidi ya karne moja.

Kwamba mwili wa kiumbe hai una umeme si jambo geni kwa mvuvi wa Kilwa aliyepata kukanyaga, katika maji ya magotini, yule samaki wa jamii ya taa ambaye huupiga mguu ganzi. Tabibu wa Kirumi wa karne ya kwanza, Scribonius Largus, aliagiza samaki wa namna hiyo, akiwa hai, awekwe juu ya kichwa cha mtu mwenye maumivu sugu, nao Warumi hawakujua ni nguvu gani ile iliyowatuliza. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Italia alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa hurukaruka ikipitishwa umeme. Na mwaka 1875 tabibu Richard Caton wa Liverpool alieleza jinsi alivyopima mikondo dhaifu ya umeme juu ya ubongo wa sungura na wa nyani. Lakini aliyeipata habari hiyo kwa binadamu ni Mjerumani Hans Berger, na kisa kilichomwingiza katika shughuli hiyo kinastahili kusimuliwa.

Berger alipokuwa kijana jeshini, farasi wake alimtupa mbele ya gari la mzinga, akaponea chupuchupu. Siku ile ile alipata simu ya maandishi kutoka kwa baba yake akimuuliza hali, maana dada yake, aliyekuwa mbali na asiyejua lolote, alikuwa ameshikwa na hofu kwamba kaka yake yumo hatarini. Kijana yule aliamini kwamba fikra yake imesafiri hewani ikamfikia dada yake, akaacha masomo ya nyota na hesabu akasomea utabibu, akaazimia kuitafuta nguvu iliyoichukua fikra ile. Hakuipata. Alichokipata katika mji wa Jena mwaka 1924, akakitangaza mwaka 1929, ni mawimbi ya umeme yanayoweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa bila ya kulitoboa fuvu: mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi hupanda na kushuka mara nane mpaka kumi na mbili kwa sekunde, akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya, mawimbi hayo hufifia. Kipimo hicho ndicho leo matabibu hukiita EEG, na katika hospitali zetu kubwa hutumika hususan kwa wagonjwa wa kifafa, maradhi ambayo katika pwani hii yangali yakihesabiwa na wengi kuwa kazi ya majini, ilhali karatasi ya kipimo huweza kuonyesha dhoruba ya umeme inayopita kichwani mwa mgonjwa.

Yafaa kuyaeleza mambo haya kwa utaratibu, maana hapa ndipo hofu nyingi huzaliwa. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila seli huzungumza na jirani zake kwa mapigo mafupi ya umeme, kila pigo likidumu kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde. Elektrodi iliyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa haisikii seli moja. Husikia jumla ya maelfu kwa maelfu ya seli, tena kwa udhaifu mkubwa, volti chache tu zilizogawanywa kwa laki, kwa kuwa fuvu na ngozi huzima sehemu kubwa ya nguvu ile. Kupepesa jicho au kukaza taya hutoa umeme mwingi kuliko ubongo wenyewe. Kwa hiyo anayedhani kwamba mtu akivikwa kofia ya elektrodi siri zake zitasomwa kama barua, na atulie: hakuna chombo kilichoweza hilo. Linalowezekana ni dogo zaidi, na kwa mgonjwa ni kubwa mno. Mtu akikusudia tu kuusogeza mkono wa kulia, hata kama mkono wenyewe haukusogea, mawimbi ya upande wa kushoto wa ubongo hubadilika kwa namna inayotambulika. Naye akingojea herufi fulani imulikwe miongoni mwa herufi nyingi zinazomulikwa kwa zamu, ubongo wake hutoa wimbi la pekee yapata sehemu tatu za kumi za sekunde baada ya herufi ile kung'aa. Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika mwaka 1973 kwamba ishara kama hizo zaweza kuiendesha kompyuta. Na mwaka 1988 Farwell na Donchin walionyesha jinsi mtu anavyoweza kuandika herufi moja moja bila ya kugusa kitu chochote.

Njia hiyo ya juu ya ngozi ni salama na ni rahisi, lakini ni ya polepole. Wale waliotaka zaidi waliingia ndani. Mwaka 1969 Eberhard Fetz alikwisha onyesha kwamba nyani aweza kujifunza kuongeza kwa makusudi mapigo ya seli moja tu ya ubongo wake, akipewa chakula kwa malipo. Na baada ya miaka mingi ya kazi kwa wanyama, mwezi wa Juni 2004, kijana wa Kimarekani, Matthew Nagle, ambaye alipooza tangu shingoni kwa kuchomwa kisu, alipandikizwa kibao chenye ukubwa wa milimita nne kwa nne, kilichosimamishwa sindano mia zenye urefu wa kiasi cha milimita moja, katika sehemu ya ubongo inayoamuru mkono. Alifungua barua zake katika kompyuta na kuzima televisheni kwa kukusudia tu. 

Namna mtambo unavyojifunza haina uchawi. Mgonjwa huambiwa: fanya kama unasogeza mkono kuume; fanya kama unaukunja; fanya kama unafumba kiganja. Kila mara, sindano zile hunasa mapigo ya seli zilizo karibu nazo, na programu ya kompyuta huandika kwamba kusudio fulani huandamana na mpangilio fulani wa mapigo. Baada ya kurudia tena na tena, programu huweza kufanya kinyume chake: huuona mpangilio, ikabashiri kusudio, ikasogeza kielekezi katika kioo au ikaamuru mkono wa chuma. Haijui mgonjwa anawaza nini juu ya mke wake au mwenye duka. Nayo hukosea, na kwa kuwa ubongo husogea kidogo ndani ya fuvu na kovu huota kuzunguka sindano, kilichofunzwa mwezi huu huenda kikahitaji kufunzwa upya mwezi ujao.

Katika habari zote za elimu hii, iliyonigusa zaidi ni ya Cathy Hutchinson, mama wa Kimarekani aliyepatwa na kiharusi katika shina la ubongo, akabaki bila ya kauli na bila ya kiungo cha kujisaidia, akiwasiliana kwa macho. Mwezi wa Aprili 2011, yapata miaka kumi na mitano tangu maradhi yake, aliketishwa mbele ya meza yenye chupa ya kahawa iliyotiwa mrija, na kando yake mkono wa chuma. Waya ulitoka katika kipande kidogo kilichosimama utosini mwake mpaka kwenye kompyuta. Alikaza nia, mkono wa chuma ukaenda mbele, ukasita, ukaishika chupa, ukainyanyua, ukaileta mdomoni, akanywa, kisha akairudisha mezani. Alipomaliza, alicheka. Hakuna aliyemnywesha. Mwenye kuuguza mgonjwa wa kupooza, ambaye kwa miaka amekuwa akimtia uji kijiko baada ya kijiko na kumfuta kidevu, ataelewa bila ya mimi kuongeza neno kwa nini watafiti waliokuwamo chumbani walifurahi pamoja naye.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa kasi. Wako waliopitisha elektrodi katika mshipa wa shingo hata ndani ya mshipa wa damu ulio juu ya ubongo, wasilipasue fuvu. Kampuni ya Synchron ilianza hivyo kwa wagonjwa wa Australia mwaka 2019. Wako waliotumia nyuzi nyembamba mno, kama kampuni ya Neuralink, iliyompandikiza Noland Arbaugh mwezi wa Januari 2024 elektrodi 1,024 katika nyuzi 64. Yeye aliumia uti alipokuwa akiogelea ziwani, ajali ambayo vijana wetu wanaojitupa kutoka gatini maji yakiwa yamekupwa wangepaswa kuijua. Wiki chache baadaye nyuzi nyingi zilijivuta zikatoka mahali pake, na wahandisi wakalazimika kuirekebisha programu ili aendelee. Nataja hilo makusudi, kwa kuwa magazeti hupenda siku ya kwanza, na mgonjwa huishi siku zote zinazofuata.

Lakini kusema kumepiga hatua kuliko kushika. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wa San Francisco, kila kundi peke yake, walitangaza kwamba wanawake wawili waliopoteza kauli, mmoja kwa maradhi ya neva za misuli na mwingine kwa kiharusi, wameweza kutoa maneno 62 na 78 kwa dakika, ilhali mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza huwa kiasi cha maneno 160. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha California, Davis, Casey Harrell, mwenye maradhi ya neva za misuli, aliweza kusema na jamaa zake kwa usahihi wa takriban asilimia 97, akichagua katika maneno 125,000. Elektrodi hukaa katika sehemu ya ubongo inayoamuru ulimi, midomo na koo; mgonjwa hujaribu kutamka; mtambo hutambua sauti moja moja, kisha programu ya lugha huziunga kuwa maneno. Ieleweke pia kwamba njia hii humfaa yule ambaye lugha yake ingali nzima kichwani na misuli ndiyo isiyotii. Mwenye kiharusi kilichoharibu mahali penyewe pa lugha hasaidiwi nayo kwa sasa.

Nami nauliza: sauti za lugha gani? Mtambo wa Harrell hutafuta sauti za Kiingereza na kuunga maneno ya Kiingereza. Kundi la San Francisco lilionyesha mwaka 2024 kwamba mtu mmoja aweza kusaidiwa katika Kihispania na Kiingereza pamoja, na kwamba ubongo wake hautengi sehemu mbalimbali za kutamka kila lugha. Hiyo ni habari njema, maana yake ni kwamba Kiswahili nacho hakina kizuizi cha maumbile. Kizuizi ni kazi isiyofanywa. Lugha yetu ina irabu tano zilizo wazi na silabi ambazo karibu zote huishia kwa irabu, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingeurahisishia mtambo utambuzi wa sauti. Lakini kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kanusho katika neno moja, na orodha ya maneno iliyotungwa kwa desturi ya Kiingereza haiwezi kuyamaliza maneno kama hatukuwaandikia na wangalitusubiria. Juu ya hayo, mzee wa Kilwa husema kwa lafudhi ya Kimgao, na bibi wa Nyangao huota ndoto zake kwa Kimwera. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari, na yeyote mwenye simu na intaneti aweza kuchangia. Ningependa kusikia humo sauti nyingi za mwambao huu.

Msomaji ataniuliza, na ana haki: mambo haya yatufaa nini sisi ambao mgonjwa wetu hutoka zahanati hadi Kinyonga, hospitali ya wilaya pale Kivinje, au Sokoine mjini Lindi, na kesi ikizidi hupelekwa Mtwara, au Muhimbili, safari ya yapata kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko? Jibu langu ni kwamba elimu hii imekwisha fika nchini, kwa mlango wa sikio. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza watoto viziwi chombo cha kusikia, huduma ambayo kabla yake ilitafutwa ng'ambo, India aghalabu. Chombo hicho ni ndugu mkubwa wa vyote nilivyovitaja, na watu waliokwisha kukipata duniani wamepita milioni moja. Kipaza sauti kilichotundikwa nyuma ya sikio hupokea sauti. Kompyuta ndogo huigawa kwa vimo vyake. Habari hupita ngozini kwa mawimbi ya redio, kwa sahani iliyoshikwa na sumaku. Na ndani kabisa ya sikio elektrodi baina ya 12 na 22 huiamsha neva ya kusikia moja kwa moja, badala ya zile seli za vinyweleo zipatazo 15,000 ambazo mtoto alizaliwa bila uzima wake au alizipoteza kwa homa ya uti wa mgongo. Kiunganishi cha ubongo husikiliza neva, hiki huziambia.

Na hapa ndipo penye funzo la matumizi, kwa sababu upasuaji ni mwanzo wa kazi. Mtoto yule, sauti ikifunguliwa, hasikii maneno. Husikia makelele asiyoyajua, naye hana budi kufunzwa kusikia na kusema kwa miezi na miaka, karibu na mwalimu anayeielewa kazi hiyo. Betri huisha. Waya hukatika. Familia ya Kilwa inayoambiwa irudi Dar es Salaam kila mara kurekebishiwa chombo huhesabu nauli, chakula na siku za shamba zilizopotea, na chombo cha thamani kubwa huweza kuishia kabatini. Tusidhani pia kwamba mataifa tajiri yameepukana na hilo. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwapandikiza vipofu chombo cha jicho kiitwacho Argus II. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza, na wagonjwa wakabaki na chombo machoni mwao na hakuna wa kuwatengenezea. Kwa hiyo siku mfanyabiashara atakapokuja kwetu na chombo cha ubongo, swali la kwanza la Wizara ya Afya na liwe: nani atakihudumia baada ya miaka kumi, na vipuri vitakaa wapi? La pili liwe juu ya taarifa zinazotoka kichwani mwa mgonjwa, ni mali ya nani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ni msingi mwema. Chile imekwenda mbele zaidi, ikaitia hifadhi ya shughuli za ubongo katika katiba yake mwaka 2021.

Wala haja ya elimu hii kwetu si ndogo. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, katika kila watu 100,000 kwa mwaka, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 Hai na 316 Dar es Salaam, na shinikizo la damu ni katika sababu zake kubwa. Mgonjwa asiye na kauli, kwetu, husemwa kwamba amepigwa na upepo mbaya, na baada ya muda watu huanza kuzungumza juu ya kitanda chake kana kwamba hayupo. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee; wao walieleza kwa elimu waliyokuwa nayo. Lakini sasa imethibitika, kwa waya na kwa hesabu, kwamba wako watu waliolala kimya miaka kumi na mitano ilhali kila neno wanalisikia na kila amri wanaitoa. Muulizeni mgonjwa wenu, mwambieni apepese jicho mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa la, subirini jibu.

Ombi langu la mwisho ni jepesi. Sauti aliyorudishiwa Harrell ilitengenezwa kwa kumbukumbu za sauti yake mwenyewe zilizorekodiwa kabla maradhi hayajamnyang'anya, na yule mama aliyesaidiwa na kundi la San Francisco alipewa sauti iliyotolewa katika video ya arusi yake. Sisi huwarekodi watu wetu kila siku, arusini, maulidini na katika salamu za simu, kisha simu ikijaa hufuta. Mwenye mzazi, au mwenye ndugu ambaye ulimi wake umeanza kuwa mzito, na amwombe asimulie kwa muda wa kutosha, kwa Kiswahili au kwa Kimatumbi au kwa Kimwera, habari yoyote aipendayo. Airekodi mahali pasipo upepo wala redio, aandike jina na tarehe, atoe nakala ya pili na amkabidhi mtu mwingine wa nyumba hiyo aiweke.